Geti la Mashariki

Mwenyekiti wa timu alikuwa akiwatabiria wanachama msimu mpya: mshambuliaji kapatikana, kocha kapatikana, kombe hilo linakuja. Ukumbi ukashangilia, na Kidawa, binti wa Mzee Shekalaghe, akashangilia kuliko wote.

Baba yake akainuka. "Mheshimiwa, na geti la mashariki la uwanja? Mwaka jana mlilifunga kwa mnyororo watu wakiwa ndani. Mke wangu alikanyagwa, akafia pale."

"Pole, mzee wangu. Lakini leo tunaongea mpira."

"Mnyororo unatoka au hautoki?"

"Kamati inalishughulikia."

Kamati, wenye viti vyao kivulini kule uwanjani na mlango wao peke yao.

"Kaa chini, mzee, unatutilia timu mkosi," mtu akasema kutoka nyuma, watu wakacheka.

Mwenyekiti akachangamka. "Haya, watakaojaza jukwaa la mashariki mechi ya kwanza, mikono juu!"

Mikono ikaota kama mahindi. Wa Kidawa nao ukaota.

"Shusha mkono, mwanangu," Shekalaghe akamnong'oneza.

"Usiogope, baba. Nitakaa karibu na geti."

Mzee akaushika mkono ule, akauvuta chini. Kidawa, macho yakiwa mbele, akainua wa pili.