Hereni za Bibi Tsvetana

Nilipovuta kiti nikakaa kando ya kitanda chake, Bibi Tsvetana aliacha kutafuna mkate wake wa jibini. Akavua hereni zake za dhahabu, akanitilia kiganjani.

"Mpe mjukuu wangu. Kumbe ndiyo leo."

"Leo kuna nini, bibi?"

"Wauguzi wa hapa Plovdiv hamkai, mwanangu. Mkikaa na mtu, huyo keshakwisha."

Hakukosea. Tulikuwa tukishinda mbioni na sinia za vidonge. Tulikaa na anayekata roho tu.

Nikamwonyesha mashine mpya pale mlangoni, ikipanga dawa za wodi nzima.

"Siku hizi ile ndiyo inahangaika. Mimi nimekuja kupiga soga."

Aliitazama, kisha akanigeuzia sikio.

"Nivishe. Na ole wako ukiinuka kabla sijamaliza kumsengenya mkwe wangu."