Fimbo ya Bombani

Sylvesta alilimwaga debe la Mama Germana, akamwambia arudi mwisho wa mstari. Kosa la mama huyo: hakusimama mtoto huyo alipompita.

Mama Germana alirudi. Mwaka ule wa ukame, pale bombani Ganako, aliyeshika fimbo ndiye aliyesema nani achote. Watu wazima walikuwa na kazi, kwa hiyo ilishikwa na watoto, na kila Jumapili baada ya ibada ilihamia nyumba nyingine. Sylvesta alikuwa amegoma kuitoa.

Jioni wanawake walimfuata mama yake, Hyasinta. Hawakupiga kelele, walikuwa wamechoka kama yeye. Walimwambia tu kwamba fimbo isipotoka kwa mwanawe, nyumba yake haitachota tena. Hyasinta alikuwa na mtoto mchanga mgongoni na ng'ombe mmoja aliyebaki. Alitembea hadi bombani, akamnyang'anya Sylvesta fimbo, akamchapa nayo.

"Huyu akikua, Mungu atusaidie," alisema Mama Germana.

Ikabaki nani apewe. Kila nyumba ilikuwa na ugomvi na nyingine. Ndipo Hyasinta akamwona Patrisi, mtoto wa mwalimu mkimbizi aliyepanga chumba chake cha uani, akingoja nchi yao itulie. Patrisi alikuwa mpole. Aliwapisha wakubwa, aliwabebea bibi vizee ndoo, na hakusahau jina la mtu. Tena hapa hakuwa na shangazi wala mjomba wa kumpendelea. Wote wakakubali.

Aliipokea fimbo kwa mikono miwili.

"Mpaka lini, mama?"

"Mpaka mvua zianze."

"Na nani atasema zimeanza?"

Wanawake wakacheka. Walikuwa hawajacheka siku nyingi.

"Si ni wewe mwenye fimbo?" alisema Hyasinta, akajitwisha debe lake na kwenda kulala.

Masika yalikuja, makorongo yakajaa, mahindi yakaota. Patrisi alisema hayo ni manyunyu. Alisema kwa heshima, na hakuna aliyekuwa na nguvu za kubishana na mtoto mwenye adabu. Baadaye baba yake aliitwa kwao, wakafunga mizigo, na fimbo ikaondoka nao.

Patrisi ameishika mpaka leo, katika picha iliyo kwenye kila noti ya nchi yao.