Rais Alipokwenda Msibani

Rais Zawena alipobadilisha baraza la mawaziri kwa mara ya tatu, alimtoa Tabitha, rafiki yake tangu enzi zile walipokuwa wakizomewa pamoja bungeni kwa kuwa wanawake. Alimtoa ili kuwaridhisha wakubwa wa chama, wala hakumwambia. Tangazo lilisomwa redioni wakati Tabitha yuko hospitali, akimlisha mama yake uji.

Wiki ile ile mama alifariki, na Rais akaenda msibani. Walinzi walitangulia na kiti chake, wakakiweka mbele ya mkeka wa wafiwa. Wanawake wote wakasimama. Tabitha naye akasimama, akainamisha kichwa.

"Karibu, Mheshimiwa Rais."

Miaka yote Tabitha alikuwa akimwita shoga.

"Nilitaka kukupigia simu," Zawena alisema kwa sauti ya chini.

"Mama alisikia lile tangazo," Tabitha akajibu. "Akaniuliza, 'Umemkosea nini mwenzako?' Amekufa akidhani nilikukosea."

Zawena akakipita kile kiti, akavua viatu, akaketi mkekani. Tabitha aligeuka kuwapokea waombolezaji wengine waliokuwa wakiingia. Rais akabaki chini peke yake, macho kwenye mkeka, na wanawake wamesimama kumzunguka, wakitazamana, hakuna aliyejua kama sasa wanaruhusiwa kukaa.