Korodani Si Tusi

Siku hizi huonwi na daktari mpaka Msikizi, mashine iliyobandikwa ukutani mwa kila nyumba, akupe ruhusa. Asubuhi ile Shaibu, kijana wa miaka kumi na saba, alijikunja sakafuni akitapika.

"Korodani moja imemuuma ghafla, imevimba!" mama yake, Mwanahawa, alimwambia Msikizi.

"Tafadhali tumia lugha ya staha."

Alijaribu kila neno, akajibiwa vilevile. Shaibu kwa aibu akasema ni tumbo tu, na Msikizi akashauri anywe maji, apumzike.

Kufika alasiri Mwanahawa alichoka kubembeleza ukuta. Akamkokota mwanawe hadi hospitali, akamsukuma mlinzi, akalitamka neno lile kwa kelele mpaka daktari akatoka.

Baada ya upasuaji, kando ya kitanda cha Shaibu wodini, daktari alinong'ona, "Ilijisokota, mama, damu ikakatika. Tumeitoa. Mngewahi asubuhi tungeiokoa. Ile nyingine tumeishona isije ikajisokota."

"Mbona unanong'ona?" Mwanahawa alifoka. "Na wengine watajuaje?"

Shaibu akamshika mama yake mkono. "Mama, usiwaambie watu."

"Nitawaambia wote!"

Akaanzia palepale wodini, kwa sauti, huku machozi ya hasira yakimtoka. Wanaume vitandani wakainamisha macho.