Msomaji wa Habari Aliyeogopa Kulia

Dakika ishirini kabla ya bibi harusi kuingia ukumbini, Hans Anande alikuwa amejifungia chooni akikihutubia kioo.

"Mabibi na mabwana," alianza, kwa ile sauti ambayo nchi nzima ilikula nayo chakula cha jioni kwa miaka thelathini. Hapo hapo koo likamkaba. Akanawa uso, akaanza upya. Likamkaba tena.

Mambo gani haya? Hans huyu alisoma habari za mafuriko, za ajali, za misiba ya wakubwa, na sauti haikutikisika. Jioni moja taa ya studio ilimpasukia juu ya kichwa, akamalizia kwanza bei ya mahindi ndipo akajikung'uta vioo. Leo alikuwa na kazi moja tu: kumtambulisha bibi harusi kwenye send-off yake, sherehe ya familia kumuaga, bila kulia. Alishaahidi. Bibi harusi alimkataa MC wa kukodi. Alisema asipotambulishwa na Hans, haingii.

Tangu msiba ulipopita nyumbani kwao Sekei, Arusha, walibaki wawili tu. Miaka yote Hans alipokuwa kazini Dar es Salaam, bibi harusi hakukosa taarifa yake ya habari hata jioni moja. Siku aliyokosea jina la rais wa nchi ya mbali, simu ya kwanza kuingia ilikuwa yake. Alicheka tu mpaka salio likaisha.

Halafu akatokea Sakaya, mwimba besi wa kwaya ya kanisani, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa hapa hapa Usa River. Hans hakutaka hata kusikia. Alimkalisha sebuleni akamhoji kama waziri mwenye kashfa: wamejuana vipi, anakunywa au hanywi, nia yake hasa ni nini. Sakaya alikaa ukingoni mwa kochi, kofia magotini, akajibu yote bila kukwepa. Mwisho akauliza na yeye.

"Umemsikia siku hizi anavyocheka?"

Hans alikuwa amemsikia. Kicheko kile kilikuwa kimepotea kitambo, na sasa kilikuwa kimerudi, tena kikisikika mpaka kwa majirani. Akanuna wiki tatu nyingine kwa ajili ya heshima yake, kisha akakubali.

Alipotoka chooni alimkuta Diana, binti aliyekodiwa kupamba ukumbi, akichomeka maua ya mwisho mezani. Diana akampa shikamoo, akayaona macho yalivyomwiva, akamwonea huruma.

"Lia tu, baba," akamwambia. "Nimepamba send-off nyingi. Hakuna mzazi anayemtoa binti yake hivi hivi, bila chozi."

Hans akatabasamu, akamsifia maua yake.

Simu ikaita. Alikuwa bibi harusi, ndani ya gari, nje ya ukumbi, vigelegele vimemzunguka.

"Umeshaanza kulia?"

"Bado."

"Ukilia, nakuja kukupokonya hiyo maiki, najitambulisha mwenyewe. Unanijua."

Alimjua. Akapanda jukwaani. Muziki ukawekwa, milango ikafunguliwa, na gauni la kijani likaanza kuonekana katikati ya wapambe waliokuwa wakipunga vitenge. Mabega ya bibi harusi yalikuwa yakipanda na kushuka kwa madaha, kama ngoma yote ni ya kwake. Kule mbele Sakaya alishasimama, ameshindwa kungoja. Watu mia tatu wakainua simu zao. Koo la Hans likaanza tena.

Akafanya alichokuwa akifanya kila jioni kabla kamera haijawashwa. Alivuta pumzi, akachagua mtu mmoja tu wa kumsomea, mmoja katika mamilioni. Kwa miaka thelathini mtu huyo hakuwahi kubadilika, na sasa alikuwa pale mlangoni, akimtolea macho ya onyo.

"Ndugu watazamaji," akasema kwa mazoea. Ukumbi ukaangua kicheko, na koo likafunguka.

"Ana miaka sabini na minne, na hajawahi kupendeza kama leo. Naomba msimame, mumpokee mama yangu mzazi."