Dumu la Mkojo

Mizuho alipoinua dumu la mkojo wa siku nzima wa bibi mwenye nyumba, aliona rangi ya mkojo imepauka mno. Ilikuwa nyumba ya mwisho ya kukusanya sampuli siku hiyo. Alikuwa anajifunza utafiti wa figo na presha, na theluji ya Akita, kaskazini mwa Japani, ilikuwa imemmaliza miguu.

“Bibi, umetia maji humu?”

“Kidogo tu, mwanangu. Siku hizi hautoki vizuri. Niliona haya urudi kwa profesa wako mikono mitupu.”

Sampuli imeharibika! Mizuho alitaka kulia kwa uchovu. Kisha maneno ya bibi, kwamba mkojo hautoki vizuri, yakamwingia.

Akapiga magoti mkekani, akamshusha bibi soksi, akambonyeza mguu kwa kidole gumba. Alipokiondoa, kishimo kilibaki pale pale: mguu ulikuwa umejaa maji, dalili kwamba huenda figo zimeanza kushindwa.

“Bibi, vaa koti. Twende hospitali.”

“Mimi? Mbona wewe ndiye unaonekana mgonjwa?”