Moto wa Sokoni

Askari wa liwali walizichoma hadharani, katikati ya soko, karatasi zote ambazo Badi alizipiga chapa kulaumu kodi ya chumvi. Watu walijazana. Hata wasiojua kusoma walinong'onezana, "Kwani kasema nini?"

Haidari alisimama nyuma yao, wivu ukimkereketa. Yeye pia alikuwa mwandishi, tena fasaha kuliko Badi, lakini karatasi zake za kumsifu liwali ziligawiwa bure kila Ijumaa, na Bi Mishi, muuza karanga wa pale sokoni, alizifungia karanga zake.

Akajipenyeza mpaka mbele, akachomoa karatasi yake kifuani, akaitupa motoni.

Askari mmoja aliiwahi kwa fimbo. Akaizima kwa kiatu, akaisoma, akacheka.

"Hii yako haina ubaya wowote, bwana," alisema akimrudishia mbele ya watu. "Nenda nayo."

"Ichome!" Haidari alifoka. "Nakwambia ichome!"

Bi Mishi akanyoosha mkono. "Basi nipe mimi, mwanangu. Karanga zinapoa."

Upepo ukainua vipande vyeusi vya karatasi za Badi. Watu wakavikimbilia, wakitafuta kama kuna neno lililosalia. Haidari akajikuta anakimbia nao.